Jina la Baba Mkwe

Tarehe 11 Oktoba 1979, siku ya Alhamisi, nilimpoteza mume wangu. Alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka la vitambaa pale Kariakoo, na alifia hapohapo kazini, saa nne asubuhi, akishona sare ya shule. Mke wa mwenye duka, mama wa Kihindu ambaye nilimfahamu tangu siku zangu za mwanzo mjini, ndiye aliyeona kichwa chake kimelala juu ya cherehani. Alidhani amesinzia. Tulizika siku ileile baada ya Alasiri. Sare ilibaki bila mkono mmoja, akaja kuimalizia fundi mwingine.

Siandiki haya kwa kuwa msiba wangu ulizidi wa watu wengine. Naandika kwa sababu kuna watu sikuwashukuru vya kutosha wakati ule, na wa kwanza wao ni wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye kwa miaka mingi nilidhani ananichukia. Kwa kweli alinichukia kidogo, na alikuwa na haki.

Mimi si mzaliwa wa Dar es Salaam. Kwetu ni ng'ambo ya Ziwa Nyasa, upande wa Malawi. Nilikuja ningali msichana, nikifuatana na mjomba wangu aliyekuwa mpishi wa Wazungu. Wazungu wake walipofungasha na kuondoka, mjomba naye akarudi kwetu. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kumpelekea fundi mmoja wa Kariakoo gauni langu alipunguze kiuno. Alilipunguza mara tatu, na kila mara akasema bado halijakaa sawa. Mara ya nne nikamwuliza kama kazi anaijua.

"Kazi naijua," akasema. "Nisichojua ni namna ya kukuzuia usiondoke na gauni lako."

Tukaoana mwaka 1968. Nilisilimu kwa hiari yangu. Mwalimu wa chuo cha Kurani wa mtaani ndiye aliyetuozesha, akatuandikia karatasi kwa mkono wake. Tulikaa katika nyumba aliyoiacha baba mkwe, nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati na uani nyuma. Chumba cha mbele upande wa kulia kilikuwa cha wifi yangu, aliyekuwa ameachika. Cha kushoto kilikuwa chetu. Vinne vilikuwa vya wapangaji. Hatukujaliwa mtoto.

Sasa niseme kosa langu. Mwaka wa 1974 vitu vilianza kuadimika, na mjumbe wa nyumba kumi akapita kuandika watu wa kila nyumba ili kila kaya ipewe kadi ya kununulia sukari, unga na sabuni katika duka la ushirika. Mume wangu alikuwa kazini. Mjumbe alikaa barazani, akaweka daftari juu ya goti, akaniuliza jina la kwanza. Nikamtajia. Akauliza la pili.

Nimesoma mpaka darasa la nne, shule ya misheni. Kule kwetu, katika kitabu cha kanisa, mama yangu aliandikwa kwa jina la ukoo wa baba yangu, na hivyo kila mwanamke aliyeolewa. Aliyebaki na jina la kwao watu walisema mumewe hajamtaka sawasawa. Mimi nilikuwa nimemtaka mume wangu, naye amenitaka, na sikuwa nimepata mtoto wa kumpa. Nikaona hili naweza kumpa. Nikataja jina lake la pili. Mjumbe akaandika. Baadaye nikapewa na kadi ya chama kwa jina lilelile, maana waliandika kutoka katika daftari lake.

Jioni mume wangu alipokuja nilimweleza kwa furaha. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Mke wangu," akasema, "umejizaa upya. Umekuwa dada yangu."

Ndipo nilipoelewa. Watu wa pwani hawana jina la ukoo kama letu. Jina lake la pili lilikuwa jina la baba yake mzazi, na kila anayelibeba baada ya jina lake anajitangaza kuwa mtoto wa mzee yule. Mke hubaki na jina la baba yake mpaka anaingia kaburini. Kujiita kwa baba asiyekuzaa ni jambo zito kwa Waislamu, nami nilikuwa nimelifanya kwa kalamu ya mjumbe.

Wifi yangu alikuwa uani akichambua mchele. Alisikia yote, na hakucheka.

"Baba yangu ana mtoto wa kike mmoja," akasema bila kuinua macho. "Mtu haokoti nasaba kama anavyookota kuni."

Mume wangu aliahidi kwenda Jumatatu kurekebisha. Jumatatu ile kulikuwa na kazi nyingi, na ya pili yake pia. Nikiwa mkweli, sikumhimiza. Nilipenda kuliona jina lile kwenye kadi. Likiitwa kwenye foleni ya sukari nilikuwa naitika kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Mara nyingine wifi yangu naye alikuwa kwenye foleni hiyo na kadi yake, na wanawake wa mtaani wakiona tunaitikia baba mmoja walisema, "Haya, mabinti wa mzee wamefika." Walicheka. Wifi yangu alitazama pembeni. Tangu hapo hakuniita wifi tena. Aliniita mgeni. "Mgeni, funga mlango, paka ataingia." "Mgeni, leo zamu yako kufagia ukumbi." Miaka mitano.

Mume wangu alipofariki nilikaa eda, miezi minne na siku kumi, katika chumba chetu, na nguo nyeupe. Cherehani yake ililetwa, ikawekwa pembeni mwa kitanda. Wifi yangu aliniwekea ndoo ya maji mlangoni kila alfajiri, na chakula mara mbili kwa siku. Hakuingia. Aligonga, akaweka, akaondoka. Idi Kubwa ilipita nikisikia watoto wa wapangaji wakilinganisha viatu ukumbini. Sahani yangu ya siku ile ilikuwa na nyama nyingi kuliko ambayo mtu mmoja angeweza kula.

Katikati ya eda alikuja mjumbe. Alisimama ukumbini, nje ya pazia langu, akanipa pole tena.

"Mama, kuna agizo. Kila mgeni aliyemo katika nyumba zangu aende ofisini mjini na karatasi zake. Asiye na karatasi za kukaa nchini huenda akaambiwa arudi kwao. Mumeo alipokuwa hai, mimi sikuuliza. Sasa nikiulizwa nitasema nini?"

Sikuwa na karatasi. Niliingia nchini kwa karatasi ya mjomba, na mjomba aliondoka nayo. Kilichonifanya niwe mtu wa hapa ni ndoa yangu tu, na ile karatasi ya ndoa mume wangu aliiweka katika droo ya cherehani, pamoja na chupa ya mafuta. Niliitoa siku ileile. Mafuta yalikuwa yameilowesha yote, wino umeenea kama moshi. Haikusomeka hata neno. Mwalimu aliyeiandika alikwisha kufariki. Na kule kwetu baba na mama walikuwa wamekufa, mjomba pia. Kama ningerudishwa, sikujua ningeteremkia mlango wa nani.

Nilikuwa siwezi kutoka. Nikamwita wifi yangu nyuma ya pazia, nikampa kadi ya chama, kadi ya duka na ile karatasi ya mafuta. Alizipokea, akavaa buibui lake, akaenda.

Alirudi adhuhuri. Kwa mara ya kwanza aliingia chumbani, akaketi kwenye mkeka, akajipepea kwa ncha ya ukaya wake wa kichwani.

"Wamesema hakuna mgeni," akasema.

"Vipi hakuna mgeni?"

"Wametazama kadi. Binti wa fulani, wa mtaa fulani. Karani akaniuliza, huyu ni ndugu yako? Sikujibu. Nikasema tutarudi eda ikiisha. Lakini ameshaona mwenyewe: wewe umeandikwa mtoto wa baba yangu. Raia. Ukienda ukasema ndiyo, imekwisha."

Tukatazamana. Niliogopa atanikumbusha yale ya kuokota kuni.

"Waache waandike hivyohivyo," akasema. "Baba yangu hayupo wa kukataa. Na mimi sikatai."

Alikuwa ananipa kitu ambacho miaka mitano aliniona mwizi kwa kukigusa. Sikuweza hata kusema ahsante. Nilisema nitafikiri.

Nilifikiri siku tatu. Sitasema kwamba jibu lilinijia mara moja, maana ningedanganya. Siku ya kwanza na ya pili nilikuwa nimeamua kuwa dada wa mume wangu. Ningebaki katika nyumba ile, karibu na kaburi lake, na nani angeumia?

Siku ya tatu alikuja kunitazama yule mama wa duka la vitambaa. Alikuja mara kwa mara, analeta chai ya tangawizi kwenye chupa, tunakunywa pamoja. Siku ile nikamweleza.

"Kwetu sisi," akasema, "msichana akiolewa, jina la baba linatoka, la mume linaingia. Linakaa katikati, hapa." Akajigusa kifua. "Mwanzoni nililia. Leo ukiniita la baba yangu sigeuki."

"Na mume akifa?"

"Linabaki hilohilo. Halitoki."

Nikamwonea wivu.

Alimimina chai iliyobaki, akanipa. "Lakini wewe ukiwa dada yake, basi mke alikuwa nani? Miaka kumi na moja nilikuwa naona fundi anafungua chakula pale barazani, anaanza kwa kunusa, halafu anacheka peke yake. Kilikuwa cha nani?"

Swali hilo ndilo lililonitoa katika uamuzi wangu wa kwanza. Mtoto hatukuwa naye. Karatasi imeliwa na mafuta. Nikikubali kuwa dada, hakutakuwa mahali popote duniani palipoandikwa kwamba mtu yule aliwahi kuwa na mke.

Nikamwomba mama yule aje kunishuhudia ofisini. Alikwenda kumwuliza mumewe. Kesho yake alirudi na pakiti ya majani ya chai, akaniambia mumewe amesema ofisi kama ile, kwa watu wa namna yao na kwa siku zile, ni afadhali kuipitia mbali. Aliona haya. Sikumlaumu hata kidogo, na mpaka leo simlaumu. Yeye alinipa swali, na swali lilinitosha.

Nilimwita wifi yangu, nikamwambia nitakwenda kusema ukweli.

Alinitazama kama niliyemmwagia chakula chake. "Nakupa baba, unamkataa?"

"Simkatai, wifi. Lakini nikimchukua baba, mwanawe nitampeleka wapi?"

"Wakikurudisha kwenu je?"

"Nitarudi nikiwa mjane wa mtu."

"Ujane hauliwi," akasema, akatoka. Alikuwa amekasirika hasa. Maji na chakula viliendelea kuja mlangoni, hata siku moja havikukosa, ila hodi yake ilikuwa ya nguvu zaidi.

Eda iliisha mwezi wa pili, siku ya Jumamosi, jua la kaskazi likiwa kali. Wanawake wa jirani walikuja kuniogesha, nikavaa nguo za rangi. Jumatatu asubuhi nilijifunga kanga, nikachukua zile karatasi, nikafungua mlango nikijua nakwenda peke yangu. Wifi yangu alikuwa barazani, amevaa buibui, na viatu miguuni.

"Twende," akasema, "kabla jua halijapanda."

Tulipita Mnazi Mmoja kwa miguu, tukaingia mjini mpaka ofisini, karibu na Kivukoni. Miguu yangu ilikuwa imesahau mwendo, nikawa nabaki nyuma, naye anasimama kunisubiri huku akijifanya anarekebisha buibui.

Chumba kilikuwa na meza mbili. Meza ya mbele alikaa karani kijana, mtu wa Kilimanjaro kwa lafudhi yake. Ya nyuma alikaa mzee mwenye miwani, akipanga majalada. Kijana alimkumbuka wifi yangu.

"Karibuni, ndugu. Huyu ndiye mdogo wako?"

Wifi yangu alinigeukia. Alikuwa ameniachia mimi niseme.

"Mimi ni mke wa marehemu," nikasema. "Karatasi zinasema ni dada yake. Si kweli. Nililitaja jina la baba yake mimi mwenyewe, kwa kutojua. Nimezaliwa Malawi."

Karani aliweka kalamu chini. "Mama, watu wanakuja hapa kila siku kudanganya kuwa ni raia. Wewe umekuja kudanganya kuwa ni mgeni?"

"Sidanganyi."

"Cheti cha ndoa?"

Nikampa ile karatasi. Aliiinua kwenye mwanga wa dirisha, akainusa. "Hii ni ya kufungia vitumbua."

"Ni mafuta ya cherehani," nikasema.

"Sasa mimi nitajuaje? Kadi mbili zinasema hivi, mdomo mmoja unasema vile."

Hapo wifi yangu akasogea mbele, akaweka mikono yote miwili juu ya meza.

"Sikiliza, baba. Baba yangu alizaa wawili. Mmoja tumemzika, wa pili ndiye mimi. Huyu si mtoto wake. Huyu nilimpaka hina mwenyewe siku ya harusi yake, tena kwa hasira, maana nilimtakia ndugu yangu mtu wa kwetu. Na ndugu yangu alipokufa, huyu amekaa eda miezi minne na siku kumi. Maji yake nimebeba mimi. Mimi ndiye dada. Mimi sikukaa."

"Eda ndiyo nini?" karani akauliza.

Mzee wa meza ya nyuma alijibu bila kuacha majalada yake. "Ni kizuizi cha mjane. Andika, kijana. Mtu hamkalii ndugu yake eda."

Karani alitazama nyuma, akatutazama sisi, akavuta fomu. Alimwuliza wifi yangu mambo mengi: mwaka wa ndoa, nani aliozesha, nani alikuwepo. Wifi yangu alijibu yote. Alikumbuka hata rangi ya gauni langu, ambayo mimi nilikuwa nimeisahau. Mwishoni akatia dole gumba, kwa sababu hakujua kuandika, na karani akaandika pembeni: dada wa marehemu, shahidi.

Halafu akanigeukia. "Jina la baba yako mzazi?"

Nililitaja. Lilikuwa halijatoka mdomoni mwangu kwa muda mrefu, nikalazimika kulirudia. Akachora mstari juu ya jina la baba mkwe katika kadi yangu, mstari mmoja kwa rula, akaandika la baba yangu juu yake. Nilitazama kalamu mpaka ikafika mwisho. Ili nibaki mke wake ilibidi jina lake linitoke. Niliumia, sifichi. Lakini chini kidogo, penye nafasi ya ndoa, aliandika: mjane wa, halafu jina la mume wangu, majina yote mawili, kwa herufi kubwa.

Alinipa karatasi ya kukaa miezi sita, akasema nirudi nayo ikiisha, itatazamwa upya. Hakuahidi zaidi ya hapo. Nilimshukuru. Nilikwenda mpaka meza ya nyuma nikampa yule mzee shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho.

Tulipotoka jua lilikuwa utosini. Wifi yangu alisema yeye amekuja mjini na hatarudi Kariakoo na tumbo tupu. Tukateremka mpaka Feri, kwenye wakaanga samaki. Alichagua mama mmoja ambaye mafuta yake, alisema, hayajachoka. Pale kulikuwa na watu wengi, na mama yule alikuwa akiuliza kila mmoja huku anageuza karai.

"Na nyinyi, vipande vingapi?"

"Viwili," akasema wifi yangu. "Cha kwangu mimi, na cha wifi yangu huyu. Chake kiwe cha mkia, hapendi miiba."

Sikujua kama alikuwa amewahi kunitazama nikila. Mama akafunga vipande viwili katika gazeti, akatupa na chumvi na pilipili, tukala tumesimama.